Mifupa, Misukule na Mizimu: Kupima Ubora wa Vijisanamu Vilivyopakwa Rangi za Mkono Mmoja

Rangi za mkono mmoja ni rangi za akriliki zilizobuniwa ili kijisanamu kipate rangi, kivuli na mwanga wake kwa mpako mmoja. Kwa utaratibu wa zamani kazi hiyo ilitaka hatua tatu au nne: rangi ya chini iliyokolea, kisha rangi nyepesi ya kutia vivuli mifereji, kisha brashi kavu au mistari myembamba ya rangi nyeupe zaidi kwenye kingo. Rangi ya mkono mmoja huziunganisha hatua zote hizo. Pigmenti zake hupitisha mwanga, na kimiminika chake kimetengenezwa kiteremke kutoka kwenye miinuko na kutuama mabondeni. Palipo na utando mwembamba, mwanga hupenya, hugonga praima nyeupe, yaani mpako wa maandalizi ulio chini ya rangi, na kurudi machoni. Palipo na utando mnene, mwanga humezwa njiani, na jicho huona kivuli.

Wafu waliofufuka, yaani mifupa inayotembea, misukule, mizimu na wanyonya damu, wamekuwa karibu na rangi hizi tangu mwanzo. Mwaka 2018 kampuni ya Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ilipotoa jeshi la mizimu liitwalo Nighthaunt kwa ajili ya mchezo wa Warhammer Age of Sigmar, ilitoa pia rangi mbili za kupakwa mara moja juu ya praima nyeupe: Nighthaunt Gloom na Hexwraith Flame. Mwaka uliofuata ikaja familia nzima ya rangi za Contrast, pamoja na praima mbili za kupuliza zilizotengenezwa mahsusi kwa ajili yake: Wraithbone, yenye weupe unaoelekea njano, na Grey Seer, ya kijivu hafifu. Moja kati ya rangi hizo iliitwa Skeleton Horde, jina linaloeleza kazi yake waziwazi. Army Painter ya Denmark ikafuata na Speedpaint, na Vallejo ya Uhispania ikatoa Xpress Color. Kabla ya hapo wachezaji waliokuwa na mifupa mingi na muda mchache walizoea kuchovya: kijisanamu kilichopakwa rangi bapa kilizamishwa kwenye kopo la vanishi ya kahawia, kikatikiswa kwa nguvu, kikaachwa kikauke. Kilitoka kimetiwa vivuli kila mahali, na kikang'aa kupita kiasi.

Urafiki huu kati ya wafu na rangi ya haraka una sababu yake. Rangi ya mkono mmoja inahitaji uso wenye mabonde na miinuko mingi, na hakuna umbo lenye sifa hiyo kuliko mifupa: mbavu, pingili za uti wa mgongo, matundu ya macho, meno, vidole. Sanda iliyochanika na ngozi iliyooza vinafuata kwa karibu. Kwa hiyo hata mtu anayeshika brashi kwa mara ya kwanza anaweza kupata mfupa unaoridhisha, na hapo ndipo ugumu wa kupima ubora unapoanzia. Kazi nzuri na kazi iliyolipuliwa hufanana kwa mtazamo wa kwanza, kwa kuwa kivuli katika zote mbili kimewekwa na rangi yenyewe. Anayetaka kuzitofautisha hana budi kutafuta alama za yale ambayo mpakaji alikataa kuiachia rangi iyafanye peke yake: alipoifyonza, alipoizimua, alipoizuia isifike na aliporudi juu yake na brashi nyingine.

Ukaguzi hufanywa chini ya mwanga mweupe unaotoka upande mmoja, kwa kuwa mwanga unaotoka pande zote hufuta tofauti ya vivuli. Kijisanamu huangaliwa kwanza kwa umbali wa mkono ulionyooshwa, kisha karibu, kisha kinapinduliwa. Mwanzo wa ukaguzi wa karibu si rangi bali kilicho chini yake. Vijisanamu vingi vya leo ni vya plastiki iliyomiminwa kwa shinikizo kwenye kalibu ya chuma, na pale pande mbili za kalibu zinapokutana hubaki mshono mwembamba ulioinuka. Rangi ya kawaida inaweza kuufunika kidogo. Rangi ya mkono mmoja huutangaza: hutuama pembezoni mwake, ikaacha mstari mweusi unaopita katikati ya mfupa wa paja au juu ya utosi. Mshono uliokwanguliwa kwa kisu na kulainishwa kwa msasa kabla ya praima ni dalili ya kwanza, na pengine ya uhakika zaidi, kwamba kazi imefanywa na mtu mwenye subira. Mahali pa kuutafuta ni nje ya mapaja, ubavuni mwa fuvu, juu ya mabega na kwenye mpini wa mkuki, ambao wengi huusahau.

Baada ya mshono ni praima. Katika rangi hizi praima ndiyo chanzo cha mwanga wote wa kijisanamu, maana rangi yenyewe haina weupe ndani yake. Praima iliyopulizwa kwa mbali mno, au katika hewa ya joto kali, hukauka kabla ya kufika na kutua kama chengachenga za mchanga. Rangi ya mkono mmoja huingia katikati ya kila chembe, na uso uliopaswa kuwa laini huonekana una ukurutu. Iliyopulizwa kwa karibu mno huziba meno na kuunganisha vidole. Praima nzuri haionekani kabisa. Huonekana tu pale rangi iliposhindwa kufika, na hayo ndiyo macho ya praima: vitone vyeupe ndani ya shimo refu, kwa kawaida nyuma ya taya, kwapani, au kati ya mkono na ngao. Hutokea kwa sababu rangi nzito hujenga daraja juu ya shimo na kufungia hewa ndani. Kwa mifupa kosa hili ni baya mara mbili, kwa kuwa weupe unaonekana mahali palipostahili kuwa na giza kuliko pote.

Fuvu ndipo macho ya mtazamaji yanapotua kwanza, na ndipo pa kutumia muda mrefu zaidi. Fuvu la kijisanamu cha kipimo cha milimita 28 ni dogo kuliko punje ya kunde, lakini lina karibu kila tatizo la rangi hizi ndani yake. Utosi ni mviringo laini usio na mfereji wowote. Matundu ya macho na pua ni mashimo ya kina. Meno ni mifereji myembamba iliyopangana. Panja ni bonde pana lisilo na kina. Katika kazi nzuri, matundu ya macho ni meusi kuliko sehemu nyingine yoyote ya fuvu, na ukingo wake wa juu umekatwa kwa mstari safi. Fupa la shavu, lililoinuka, linakaribia rangi ya praima. Panja limekolea kidogo tu, lakini inatosha jicho litambue kwamba pameingia ndani. Kila jino linajitegemea. Utosi una rangi moja iliyotandazwa sawasawa, bila doa wala mchirizi, na mara nyingi umeguswa juu kwa rangi nyeupe zaidi.

Katika kazi iliyolipuliwa, mambo haya hupinduka. Rangi ni ya kimiminika, nayo hufuata mvutano wa ardhi kabla ya kufuata umbo. Kijisanamu kilichosimamishwa mara baada ya kupakwa hupeleka rangi yake chini, na rangi hujikusanya kwenye kidevu, juu ya mtulinga, kwenye ncha ya kidari, kwenye viwiko na juu ya nyayo. Vidimbwi hivyo hukauka vikiwa na weusi kuliko matundu ya macho. Matokeo yake ni fuvu lenye macho hafifu na kidevu chenye ndevu za kahawia. Mkaguzi anayejua jambo hili hana haja ya kuuliza kama mpakaji alirudi kufyonza rangi iliyozidi kwa ncha ya brashi kavu, kwa kuwa kidevu kinamjibu. Kigezo hapa ni kimoja na kinatumika mwili mzima: je, giza limekaa palipo na kina, au limekaa palipo chini?

Kifua ni jaribio la pili. Mbavu zikitazamwa kwa mbele huonekana nzuri karibu kila mara, maana kila ubavu ni ukingo na kila nafasi kati yake ni mfereji. Uzuri wa kweli uko nyuma ya mbavu. Pale ambapo mchongaji ameacha kifua wazi, jicho linapita katikati ya mbavu na kufika kwenye uti wa mgongo kwa ndani. Iwapo uti huo una rangi ileile ya mbavu za mbele, kifua huonekana kama ubao uliochorwa mistari. Mpakaji hodari hutia ndani rangi iliyokolea zaidi, kahawia au nyeusi iliyozimuliwa, kabla au baada ya kupaka mifupa, na kifua kikapata kina. Njia rahisi ya kuhakikisha ni kukipindua kijisanamu na kukitazama kuanzia chini ya nyonga kuelekea juu. Ni sehemu ambayo mchezaji haioni akiwa mezani, kwa hiyo uvivu hujificha hapo.

Nyuso bapa na pana ndizo adui wa rangi hizi: ngao, ubapa wa upanga, paji la farasi wa mifupa, fupa la bega, mgongo wa joho. Hapo rangi haina bonde la kwenda. Hubaki ikielea, na inapokauka huacha duara lenye ukingo uliokolea, sawa na alama ya kikombe cha kahawa mezani. Sababu yake ilielezwa mwaka 1997 katika jarida la Nature na wanafizikia wa Chuo Kikuu cha Chicago: ukingo wa tone umebanwa pale ulipo, maji huvukizwa upesi zaidi ukingoni kuliko katikati, na kimiminika cha katikati hutiririka kwenda kujaza pengo, kikibeba chembe za rangi pamoja nacho. Mpakaji hawezi kuifuta fizikia hiyo, lakini anaweza kuipunguza kwa kuzimua rangi kwa kizimulio chake badala ya maji, kwa kupaka upesi kutoka ukingo hadi ukingo bila kurudi kwenye sehemu iliyoanza kukauka, na kwa kukilaza kijisanamu mpaka rangi itulie. Kuzimua kwa maji matupu huongeza tatizo, kwa sababu hudhoofisha kimiminika kilichotengenezwa kushikilia pigmenti mahali pake. Ngao ikiwa safi, mkaguzi ajue kwamba ama mpakaji ana mkono mzuri, ama ameamua kuipaka ngao kwa rangi ya kawaida isiyopitisha mwanga. Uamuzi wa pili una heshima sawa na wa kwanza, kwani kujua mahali pa kutoitumia rangi ya mkono mmoja ni sehemu ya ufundi wake.

Kuhusu rangi ya mfupa wenyewe, wengi hukubali ile inayotoka kwenye chupa: njano inayoelekea kahawia. Si kosa, lakini anayepima kwa undani hutazama kama mfupa una historia. Mfupa uliokaa juani huwa mweupe na mkavu, wenye nyufa nyembamba kufuata urefu wake. Uliokaa ardhini hunywa rangi ya udongo: chuma huupa wekundu wa kutu, manganizi huupa madoa meusi, na maji yenye majani yaliyooza huufanya wa rangi ya chai. Uliolala karibu na bangili au silaha ya shaba huwa na doa la kijani, jambo ambalo wanaakiolojia hulikuta mara kwa mara makaburini. Kikosi cha mifupa kilichopakwa Skeleton Horde peke yake ni kikosi kinachokubalika. Kikosi chenye mifupa ya rangi hiyohiyo, lakini chenye wekundu wa udongo uliozimuliwa sana kwenye miguu na kijani hafifu chini ya pete ya shaba mkononi, kimeongezewa mguso mmoja au miwili tu na kimekuwa kitu kingine.

Misukule inataka ujuzi wa aina tofauti, kwa kuwa ngozi ina maeneo mapana kuliko mfupa na mtazamaji anaijua zaidi. Kosa la kawaida ni kuipaka yote kijani. Mwili uliokufa hauwi kijani wote kwa pamoja. Saa za mwanzo damu hutuama sehemu za chini kwa uzito wake na kuacha zambarau, huku sehemu za juu zikipauka. Ukijani huanza baadaye, kwa kawaida upande wa chini kulia wa tumbo, ndipo husambaa. Hakuna anayedai kijisanamu kiwe somo la udaktari, lakini mpakaji aliyeweka ngozi iliyopauka kama msingi, zambarau iliyozimuliwa kwenye vifundo, masikio na kuzunguka macho, na kijani kwenye tumbo lililotumbuka, amepata ngozi inayomtia mtu kinyaa kwa sababu ya ukweli wake. Rangi za mkono mmoja zinafaa sana kwa kazi hii zikipakwa zingali mbichi, moja pembeni mwa nyingine, ili mipaka yake iingiliane. Mpaka mkali kati ya kijani na zambarau unaonyesha kwamba rangi ya kwanza iliachwa ikakauka.

Majeraha ni sehemu ambayo hamu ya mpakaji huwa kubwa kuliko busara yake. Damu iliyokauka ni ya kahawia na haing'ai. Damu mbichi ni nyekundu na inang'aa. Msukule wa siku nyingi hana sababu ya kutokwa na damu mbichi mwilini mwake, ingawa anaweza kuwa nayo mdomoni na kwenye makucha, iliyotoka kwa mtu aliyemshika muda mfupi uliopita. Damu nyekundu inayong'aa iliyomwagwa kila mahali mara nyingi hufunika kosa lililo chini yake, na mkaguzi ana haki ya kushuku.

Sanda na nguo zilizochanika hazina mengi ya kuongeza juu ya yaliyosemwa kuhusu mifereji. Muhimu ni mambo mawili. Mikunjo ya juu iwe imeangazwa kidogo kwa brashi, kwa kuwa kitambaa bila mguso huo hubaki na mwonekano wa kitu kilicholowa. Na mpaka kati ya nguo na mfupa uwe safi. Rangi hizi huteleza, hivyo nyekundu ya joho hupenya kwa urahisi hadi kwenye mbavu, na hakuna namna ya kuificha ila kurudishia praima kwa brashi na kupaka upya. Alama ya marekebisho mazuri ni kwamba haionekani. Ya marekebisho mabaya ni kiraka cheupe chenye unene kuliko kilicho jirani.

Mizimu ndiyo inayodanganya watu wengi zaidi. Kiufundi ni rahisi: praima nyeupe, rangi ya kijani au buluu iliyozimuliwa, kazi imekwisha. Lakini rangi ya mkono mmoja hutia giza mabondeni, ilhali kitu kinachowaka kwa ndani kina mwanga mabondeni na giza kwenye ncha zake. Mzimu uliopakwa kwa njia rahisi unaonekana kama mtu aliyevaa shuka ya kijani. Kuna njia mbili za kuutoa hapo. Ya kwanza ni kufifisha rangi kuanzia chini kwenda juu au juu kwenda chini: kichwa na mikono vikaribie weupe na pindo la sanda likolee, au kinyume chake, ili mzimu uonekane unayeyuka upande mmoja. Kufifisha huku lazima kuwe polepole. Pakiwa na mstari pale ambapo rangi ya chini imekomea, mzimu umekatika vipande viwili. Ya pili ni kurudi na rangi nyeupe isiyopitisha mwanga ndani ya mabonde yaliyo karibu na uso na kifua. Hiyo ni kazi ya polepole inayopingana na tabia ya rangi yenyewe, na ikifanywa vyema ni haki yake kupata alama za juu kuliko zote.

Mwanga wa macho au wa taa ya mchawi unaoangukia vitu vya jirani hupimwa kwa kanuni tatu ambazo hazina mjadala. Mwanga huo hauwezi kuzidi ukali wa chanzo chake. Hupungua kadiri unavyokwenda mbali. Huangukia tu nyuso zinazokitazama chanzo. Rangi ya kijani iliyozimuliwa ikizungushwa kwenye matundu ya macho hadi nyuma ya fuvu inaonyesha kwamba mpakaji aliona mbinu hiyo mahali lakini hakujiuliza mwanga unatoka wapi.

Silaha hazichukui muda mrefu. Rangi ya metali ya fedha iliyofunikwa kwa kahawia ya mkono mmoja hutoa chuma chakavu bila shida. Kinachotazamwa ni kama kutu imekaa panapokaa maji: karibu na kitako cha upanga, kwenye misumari ya ngao, kwenye mikwaruzo ya deraya. Kutu ya siku nyingi ni ya kahawia iliyokolea, na ya machungwa ni changa, hivyo ya machungwa iwe kidogo na iwe juu ya ile nyingine. Kwenye shaba, kijani kinachoelekea buluu kibaki mabondeni. Kikipanda kwenye makali ya silaha, maana yake hakikufutwa.

Mnyonya damu ni mtihani ambao rangi hizi hazikuandaliwa kuufaulu. Uso wake ni laini, ngozi yake imepauka, na mvuto wake uko kwenye macho na midomo, yaani sehemu ndogo zinazohitaji brashi yenye ncha na mkono usiotetemeka. Kawaida ya wapakaji makini ni kutumia rangi ya mkono mmoja kwenye joho na deraya, kisha uso ukapakwa tabaka kwa tabaka. Jeshi ambalo askari wake wamepakwa haraka na kiongozi wake akapewa muda linapimwa kwa haki kama limepangwa vizuri. Jeshi ambalo uso wa kiongozi una vidimbwi sawa na vya askari wake limekosa kitovu cha kutazama.

Kuna mbinu moja iliyoenea miaka ya hivi karibuni ambayo mkaguzi atakutana nayo bila kukosa: kijisanamu hupakwa praima nyeusi, kikapigwa brashi kavu ya kijivu na kisha nyeupe, ndipo rangi ya mkono mmoja ikafuata. Faida yake ni vivuli vyeusi kweli na macho ya praima yasiyoonekana, kwa kuwa shimo lisilofikiwa na rangi limebaki jeusi. Hasara yake ni kwamba brashi kavu huacha vumbi la mistari, na rangi inayopitisha mwanga hailifichi. Kwenye mfupa uliozeeka vumbi hilo hukubalika na hata hupendeza. Kwenye nguo ya hariri au uso wa mnyonya damu ni kasoro. Pia rangi za njano na nyekundu hufifia juu ya weusi mwingi, hivyo jeshi lililopakwa kwa njia hii mara nyingi huwa na utusitusi unaofanana kote. Wengine huupenda kwa wafu. Ni suala la ladha, mradi umetokana na uamuzi.

Vijisanamu vya wafu huja kwa makundi, na kikosi cha mifupa 20 hupimwa kama kitu kimoja kabla ya kupimwa kimojakimoja. Mfupa uwe na rangi moja kikosi kizima, ambalo si jambo la kujivunia kwa kuwa chupa ni ileile, ingawa chupa isiyotikiswa vya kutosha hutoa mifupa ya mwanzo iliyopauka na ya mwisho iliyokolea. Kinachotafutwa zaidi ni tofauti zilizodhibitiwa: nguo za vivuli viwili au vitatu vya rangi moja, ngao moja iliyochakaa kuliko nyingine. Kitako ambacho kijisanamu husimama juu yake kina kazi kubwa kuliko kinavyodhaniwa. Mfupa wa kahawia hafifu juu ya udongo wa kahawia hafifu humezwa, na umbo lake halionekani hata kwa umbali wa mita moja. Udongo mweusi wa kaburi au majani makavu yenye ukijivu humtenganisha askari na ardhi yake. Ukingo wa kitako usiwe na matone. Ni jambo dogo, lakini jicho lililozoea hulitazama mapema.

La mwisho ni uimara. Kwa kuwa utando wa rangi kwenye miinuko ni mwembamba sana, ndipo unapochubuka kwanza: puani, kwenye vifundo vya vidole, ncha za mkuki, na ukingo wa juu wa ngao. Kijisanamu kisichopakwa vanishi huonyesha vitone vyeupe hapo baada ya kushikwashikwa kwa muda. Baadhi ya rangi hizi pia huweza kuamka upya zikiguswa na maji. Toleo la kwanza la Speedpaint lilijulikana kwa tabia hiyo, na toleo la pili, lililotoka mwaka 2023, lilitengenezwa ili kuiondoa. Dalili ya rangi iliyoamka ni meno meupe yenye wekundu hafifu wa joho la jirani, au mguso wa mwanga uliopakwa juu ya nguo ukachafuka. Vanishi isiyong'aa huondoa ung'avu wa vidimbwi na kuunganisha uso mzima. Ikipulizwa katika hewa yenye unyevu mwingi, kama ilivyo mwambao wakati wa masika, huweza kuganda na ukungu mweupe, nao huonekana haraka zaidi ndani ya matundu ya macho na kati ya mbavu. Anayenunua kijisanamu kilichokwisha kupakwa hukishika kwa kitako, hukielekeza kwenye mwanga wa pembeni ili kuona kama uso wote una ung'avu mmoja, kisha hukagua ncha za vidole na ukingo wa ngao, na kuuliza ni praima gani na vanishi gani zilizotumika, ili ikibidi kurekebisha mahali palipochubuka rangi mpya ilingane na ya zamani.